Tuzo kwa Jambo Lisilotokea

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi waliielewa upesi, kwani kila mmoja wao alikwisha kuona ngomani mtu akiinuka kitini na kumbandika mchezaji noti kwenye paji la uso. Mchezaji anaonekana, ngoma inasikika, na mwenye kutuza anajua anatuza nini. Lakini je, yule ambaye mchezo wake hauonekani atatuzwa na nani? Nina maana ya mtu ambaye kazi yake ikifanikiwa hakuna linalotokea: hakuna anayekohoa, hakuna anayepofuka, hakuna mjane anayeandikiwa barua ya kuomba fidia. Huyo atatuzwa kwa ushahidi gani?

Swali hili limenishughulisha tangu nilipostaafu na kupata nafasi ya kusoma vitabu ambavyo usahihishaji wa madaftari haukuniachia wakati wa kuvifungua. Katika kusoma huko nilikutana na historia ya taaluma moja ambayo wengi wetu hatuijui hata kwa jina, ingawa inatuhusu sote tunaokula kwa jasho. Ni taaluma ya kulinda afya ya mfanyakazi kazini, ambayo wengine huiita usafi wa mahali pa kazi. Neno usafi linaweza kumpotosha msomaji, akadhani habari hii ni ya mafagio na ndoo za maji. La hasha. Mtaalamu wa kazi hiyo hupima vumbi, moshi, mvuke wa sumu, kelele na joto mahali watu wanapofanyia kazi, kisha huonyesha jinsi ya kuviondoa kabla havijamdhuru mtu. Daktari anaye mgonjwa wake, naye ni binadamu. Mtaalamu huyu mgonjwa wake ni karakana yenyewe: hewa yake, mashine zake na madirisha yake.

Taaluma hii, kama zilivyo taaluma nyingine, ina nishani na tuzo zake. Nyingi kati ya tuzo hizo zimepewa majina ya watu waliokwisha kufariki. Nilipofuatilia maisha ya watu hao niliona jambo la kutafakari: baadhi yao wakati wa uhai wao hawakupata heshima iliyowastahili, na mmoja wao alipoipata aliiweka kando. Naomba msomaji tufuatane.

Wa kwanza ni Bernardino Ramazzini, daktari Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1633 katika mji wa Carpi. Alikuwa akiishi Modena wakati siku moja mafundi walipokuja kuzibua shimo la maji machafu la nyumba yake. Akamwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka ya ajabu mle ndani, naye akamwuliza kwa nini anajitesa hivyo. Yule fundi akamjibu kwamba hakuna ajuaye mateso ya kazi ile ila aliyeifanya: akikaa mle kwa muda mrefu macho humwasha kama moto na kuwa mekundu, na akitoka hana budi kujifungia gizani. Ramazzini alipochunguza mjini aliwakuta wazibua mashimo wengine waliokwisha kupofuka, wakiombaomba njiani.

Daktari mwingine angesikitika, akaendelea na shughuli zake. Huyu alianza kuingia katika karakana za wafinyanzi, wachimba madini, wapiga chapa, waoka mikate na wafumaji, akiwatazama na kuwauliza. Mwaka 1700, umri wake ukiwa umepita miaka 65, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Ndani yake aliwataka madaktari waongeze swali moja juu ya yale waliyorithi kutoka kwa wazee wa tiba wa Ugiriki: baada ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini, wamwulize pia anafanya kazi gani. Swali dogo, lakini lilibadili fikra. Alifariki Padua mwaka 1714. Ilipofika mwaka 1982 wanasayansi wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na watu kama Irving Selikoff wa Marekani, ambaye alikuwa amefichua madhara ya asbesto kwa wafanyakazi, waliunda chuo cha wateule kwa jina la Ramazzini, makao yake yakiwa Carpi kule kule alikozaliwa. Chuo hicho hutoa tuzo yenye jina lake. Kutoka kifo chake hadi kuundwa kwa chuo hicho ni miaka 268.

Wa pili ni Mwingereza, Thomas Legge. Mwaka 1898 aliteuliwa kuwa mkaguzi wa kwanza wa kitabibu wa viwanda nchini mwake. Adui yake mkubwa alikuwa risasi. Sisemi ile ya bunduki, bali madini yenyewe yaliyokuwa yakitiwa katika rangi, katika vyombo vya udongo na katika betri. Risasi ikiingia mwilini kidogo kidogo huleta maumivu makali ya tumbo, hulegeza viganja vya mikono, na mwishoni huharibu akili. Katika mwaka 1900 peke yake walioripotiwa kudhurika kazini Uingereza walizidi 1,000.

Legge aliacha kanuni ambazo hadi leo hufundishwa. Maana ya mojawapo ni hii: mpaka mwajiri awe amekwisha kufanya kila linalowezekana, mfanyakazi hana kubwa awezalo kufanya ili kujikinga. Nyingine yasema kwamba kinga isiyotegemea uangalifu wa mfanyakazi ndiyo inayofaulu, na ile inayomtegemea yeye itafaulu kwa kiasi tu. Kwa maneno mengine, mtu akivuta vumbi, usianze kwa kumlaumu kwamba hakufunga kitambaa puani. Anza kwa kuuliza vumbi limetoka wapi.

Mwaka 1925 mfalme alimpa Legge heshima ya kuitwa Sir. Mwaka uliofuata, 1926, alijiuzulu. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba mwaka 1921 wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi isitumike ndani ya majengo, naye aliuunga mkono mkataba huo. Serikali yake ilikataa kuuridhia, ikachagua sheria nyepesi zaidi. Legge hakuona njia ya kubaki ofisini akiitetea sheria asiyoiamini. Aliondoka, na baadaye akawa mshauri wa afya wa vyama vya wafanyakazi. Tunawajua watu wengi ambao wakipewa heshima na wakubwa hunyamaza, kwa kuwa mkono ulioshika nishani hauwezi kunyooshewa kidole. Huyu hakunyamaza.

Sasa tumfikie mama ambaye kwangu mimi ndiye kiini cha habari hii. Alice Hamilton alizaliwa mwaka 1869 huko Marekani, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Kuanzia mwaka 1897 aliishi Chicago katika nyumba iliyoitwa Hull House, miongoni mwa wahamiaji maskini kutoka Ulaya. Kwa kuwa jirani zao aliyaona yale ambayo daktari wa mjini hakuyaona: baba wa nyumba hii ameanza kutetemeka mikono, kijana wa nyumba ile amerudi kutoka kiwandani hajui hata jina lake.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimkabidhi uongozi wa uchunguzi wa magonjwa ya kazini, na yeye akajitwisha habari ya risasi. Hapakuwa na orodha ya viwanda vya hatari wala sheria ya kumruhusu kuingia. Alitumia soli za viatu vyake. Alikwenda hospitali akapekua majalada, akaenda kwa wauza dawa, akaongea na mapadre, akaingia majumbani mwa wagonjwa jioni, wakati msimamizi wa kiwanda hayupo kusikiliza. Kisa kimoja chamwonyesha vizuri. Alimkuta Mpolandi mmoja amelegea viganja kabisa, akamwambia kwamba kazi yake ni kupaka enameli katika mabafu ya chuma. Hamilton akaenda kiwandani, akatembezwa, wala hakuona hatari yoyote. Aliporudi kwa wagonjwa ndipo akaambiwa kwamba hakuonyeshwa mahali penyewe: kazi ya enameli ilifanyikia kwingine kabisa. Akaenda huko, akaona unga wa risasi ukinyunyizwa juu ya chuma chenye moto, na watu wakiuvuta.

Mwishowe aliorodhesha zaidi ya kazi 70 zilizotumia risasi, na wagonjwa 578 waliothibitika. Mwaka 1911 Illinois ikapitisha sheria juu ya magonjwa ya kazini. Alikuwa na desturi moja ambayo sisi walimu tungefaa kuiga: kabla ya kuandika ripoti alimwendea mwenye kiwanda na kumweleza kwa adabu, lakini bila kupunguza neno, kwamba watu wako wanakufa, na hawa hapa ni fulani na fulani. Baadhi waliona haya, wakatia mashine za kufyonza vumbi.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimhitaji kwa kuwa hakikupata mwanamume aliyeijua taaluma ile kumzidi. Hakijawahi kuwa na mwalimu mwanamke tangu kiundwe. Kikampa cheo cha profesa msaidizi pamoja na masharti matatu: asiingie katika klabu ya walimu, asiandamane na walimu wenzake siku ya mahafali wala kukaa nao jukwaani, na asidai tiketi za mpira. Alikuwa na umri wa miaka 50. Alifundisha hapo miaka 16, akastaafu mwaka 1935 akiwa bado profesa msaidizi, cheo kile kile alichoingia nacho. Kila mwaka mwaliko wa mahafali uliochapwa ulimfikia, na kila mwaka ulimkumbusha kwamba hana ruhusa ya kukaa jukwaani. Nimekaa majukwaani katika mahafali mengi, na najua kiti kile kina maana gani kwa mwalimu. Si mbao. Ni ushahidi mbele ya wazazi kwamba huyu naye ni miongoni mwa waliolea.

Hata hivyo sauti yake haikuzimika. Mnamo Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa huko New Jersey baada ya kupatwa na wazimu wa ghafla. Walikuwa wakitengeneza dawa mpya yenye risasi ya kutia katika petroli ili injini zisigonge. Mwezi Mei 1925 uliitishwa mkutano mkubwa Washington. Wenye makampuni walisema dawa ile ni neema kwa maendeleo, na kwamba kiasi kitakachotoka katika moshi wa magari ni kidogo mno. Hamilton alikuwa miongoni mwa wachache waliosimama na kusema kwamba risasi ikishatawanywa barabarani hakuna wa kuizuia. Hawakusikilizwa. Mwaka 1926 petroli ile ilirudi sokoni, ikaenea duniani kote, hata kwetu. Magari yaliyotupita njiani tukienda shule, na malori yaliyotubeba tukienda vyuoni, yote yalitoa moshi ule. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa petroli ya risasi, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ikawa imeondoka kwetu. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021, na tangazo la mwisho huo lilitolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Nairobi. Kutoka onyo hadi kusikilizwa ilipita miaka 96.

Hamilton aliishi miaka 101. Mwaka 1947 alitunukiwa tuzo ya Lasker, ambayo ni kubwa katika tiba ya Marekani. Alifariki Septemba 1970, na miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba, Rais Nixon alitia sahihi sheria ya usalama na afya kazini kwa nchi nzima. Mwaka 1987 maabara ya serikali mjini Cincinnati ilipewa jina lake, na taasisi yenye maabara hiyo ikaanza kutoa tuzo ya kitaalamu kwa jina la Alice Hamilton. Mwaka 1995 sura yake ikawekwa katika stempu. Kwa hiyo yule aliyenyimwa kiti jukwaani, sasa wengine huitwa jukwaani kwa jina lake.

Ziko nishani nyingine ambazo sitazieleza kwa urefu. Chama cha Wamarekani cha taaluma hii kilianzishwa mwaka 1939, nacho kina tuzo kwa kumbukumbu ya Donald Cummings, mmoja wa marais wake wa mwanzo, na nyingine kwa jina la William Yant, rais wake wa kwanza, ambayo wamewekewa watu wa nje ya Marekani. Waingereza walianzisha chama chao mwaka 1953, rais wa kwanza akiwa Thomas Bedford, mtu aliyetumia maisha yake kupima joto na upepo mahali pa kazi, na kwa kumbukumbu yake wao huzawadia makala bora za utafiti. Naipenda sana habari ya Bedford kwa sababu haina kishindo. Chombo chake kilikuwa kipimajoto. Alitaka kujua ni hewa kiasi gani impite mtu ili afanye kazi bila kuugua.

Hapa msomaji mwenye busara atauliza: je, haya yote yamfaa nini mwenye kuvuta vumbi? Nishani haiziby pua. Swali hili ni la haki, nami sitaki kulikwepa, kwani nimeziona zawadi za aina mbili, na moja yao si zawadi bali ni kilemba cha ukoka.

Marehemu baba yangu alikuwa manamba. Alitoka Kigoma kwa garimoshi akiwa kijana, akaenda Tanga kwenye mkonge, wakati zao hilo likiitwa dhahabu ya kijani. Mkonge wenyewe uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ilipofika miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikiongoza ulimwengu kwa kuuzalisha. Baba alianza kwa kukata majani, kisha akahamishiwa kwenye brashi. Asiyejua mkonge ajue kwamba majani husagwa kwanza katika korona, nyuzi zikaoshwa na kuanikwa juani, na zikishakauka hupelekwa kwenye mashine ya brashi inayozichana mpaka ziwe laini na nyeupe. Hapo ndipo vumbi linapoinuka. Wanaume waliotoka mle jioni walikuwa weupe nyusi kama wazee, na usiku kambi nzima ilisikika ikikohoa. Sisi watoto tulimtambua kila baba kwa kikohozi chake kabla hajafika mlangoni.

Alipotimiza miaka 20 ya kazi, shamba lile lilimpa saa ya ukutani na cheti cha utumishi mwema. Mnyapara alisoma jina lake mbele ya watu, akasifiwa kwamba hakuwahi kukosa kipande. Ile saa ilipigwa msumari juu ya kitanda. Mama hakuisifu. Alisema, "Baba yenu ameleta saa, lakini pumzi ameiacha brashini." Miaka michache baadaye baba hakuweza tena kupanda kilima cha kisimani bila kupumzika mara tatu, na kabla hajafikisha miaka 60 tulimzika.

Mwaka 1978 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania, na ukaonyesha kwamba watu wa brashi walikuwa wakipata dalili za kubanwa kifua zinazofanana na zile zinazowapata wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Nilipousoma muhtasari wake, miaka mingi baada ya kuchapishwa, nilielewa kwamba kile tulichokiita kikohozi cha kambi kilikuwa na jina, kilipimika, na kilizuilika. Feni za kufyonza vumbi hazikuwa ndoto katika miaka ile ya baba. Ramazzini alikwisha kuandika habari za wachambua katani na kifua chao tangu mwaka 1700.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Baba alitunzwa kwa kuvumilia vumbi. Hamilton na wenzake wametunzwa kwa kuliondoa. Tuzo ya kwanza humwambia mfanyakazi: ubarikiwe kwa kuumia bila kulalamika. Tuzo ya pili humwambia mtaalamu na mwajiri: ubarikiwe kwa kufanya uvumilivu ule usihitajike. Jamii inayotoa ile ya kwanza tu hujifunza kuheshimu majeraha, na inayoheshimu majeraha haitaona haja ya kuyazuia.

Hili si jambo la mashamba ya wakoloni peke yake. Katika chuo cha ualimu nilichofundisha kama mkufunzi, jiko la wanachuo lilikuwa banda la kuni lililofungwa pande zote, na wapishi walipika ugali wa watu 400 wakiwa wamefumba macho kwa moshi. Kila muhula walau wawili walikuwa hawapo kazini kwa ugonjwa wa macho au kifua. Fundi mwashi wa chuo, mtu mkimya wa makamo, alipata matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa bweni, akaomba ruhusa, akajenga dohani na kuinua paa kidogo. Kazi ilimchukua siku 9. Mwaka uliofuata, siku ya Mei Mosi, kamati ilimchagua mfanyakazi bora: mpishi mmoja ambaye hakuwa amekosa kazi hata siku moja kwa mwaka mzima. Alipewa redio, na alistahili, kwani alikuwa mchapakazi. Jina la mwashi halikutajwa. Jioni nilimwambia kwamba redio ile nusu ilikuwa yake. Akacheka, akasema, "Mwalimu, moshi umetoka, basi."

Jibu lake lilikuwa la mtu mwungwana, lakini taifa haliwezi kutegemea uungwana wa waashi. Kama asingekuwepo yeye, nani angeona sababu ya kujenga dohani, ikiwa kujenga dohani hakuhesabiwi kuwa kazi njema? Mwalimu anajua kwamba mtoto hurudia lile alilosifiwa. Watu wazima hawako mbali na watoto katika hilo.

Nchi yetu haikusimama pale ilipokuwa. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 ilidumu zaidi ya nusu karne. Mwaka 2001 ukaanzishwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na mwaka 2003 ikapitishwa sheria mpya iliyotoka nje ya kuta za kiwanda na kuyagusa mashamba, maofisi na shule. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Tarehe 28 Aprili, siku ya dunia ya usalama na afya kazini, waajiri waliofanya vizuri hupewa tuzo. Vijana wetu nao wameingia katika taaluma: mwaka 2006 jarida la kile kile chama cha Waingereza kilichoongozwa na Bedford lilichapisha vipimo vya vumbi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, vilivyochukuliwa na watafiti wa Tanzania na wenzao wa Norway, na wakaonyesha kwamba vumbi lilizidi kiasi hasa kwa watoboaji miamba. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliitangaza hali salama na yenye afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Haya ni ya kushukuru. Lakini shirika hilo hilo linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 duniani hufa kila mwaka kutokana na kazi, na walio wengi mno hawafi kwa ajali inayoandikwa gazetini, bali kwa maradhi yanayowamaliza polepole nyumbani, kama baba.

Basi kama ningeulizwa ushauri na wenye kutoa tuzo hizi, ningewaomba mambo matatu. La kwanza, wasiipime kazi ya mwajiri kwa idadi ya vitambaa na helmeti alivyogawa, maana Legge alikwisha kutufundisha kwamba hicho ndicho kinga dhaifu. Waulize vumbi lilikuwa kiasi gani mwaka jana na ni kiasi gani sasa. La pili, wasiishie kwa wakurugenzi na maprofesa. Wamtafute pia mwashi, fundi umeme, na mwanamke wa kiwandani aliyesema kwa sauti kwamba dirisha hili lifunguliwe. La tatu, tuzo isiwe mbadala wa fidia wala wa ukaguzi. Anayepewa nishani mchana na kumnyima mgonjwa haki yake jioni, amevikwa kilemba cha ukoka, na sisi tuliompigia makofi tumeshiriki kumvika.

Na ushahidi? Niliuliza mwanzoni jambo lisilotokea huthibitishwaje. Historia ya watu hawa imenipa jibu lisilo gumu: kwa kupima na kuandika. Hamilton aliandika majina 578 kabla ya kudai chochote. Watafiti wa Kiwira walipima hewa kabla ya kusema. Vikohozi vya kambi yetu havikuandikwa popote, ndiyo maana vilionekana kuwa kazi ya Mungu. Ningependa vijana wanaosomea ualimu leo wawafundishe watoto swali la yule mzee wa Modena, walipeleke nyumbani jioni na kuwauliza wazazi wao: baba, mama, unafanya kazi gani, na hewa ya huko ikoje? Wayaandike majibu katika madaftari yao, kwa wino, pamoja na tarehe.